Mawingu si Mvua

Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Lakini mkulima wa Matinyani, katika nchi kavu ya Kitui, ajua vyema ya kuwa si kila wingu hunyesha. Hekima hiyo yamfaa pia mtu aliyepimwa damu kwa ajili ya thairoidi, tezi iliyo shingoni.

Mwaka wa 1912 daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alieleza habari za wanawake 4 waliovimba tezi hiyo. Katika hadubini aliiona imejaa chembe nyeupe za damu. Kisa chake kilikawia kujulikana miaka 44. Mwaka wa 1956, mjini London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walikutanisha majimaji ya damu ya wagonjwa wa namna hiyo na maji ya tezi ya binadamu. Vikashikana, mashapo yakatokea. Ikabainika kwamba damu ile ilikuwa na kingamwili, yaani askari wa mwili, zilizoigeukia tezi ya mwenyewe. Kabla ya hapo wataalamu wengi hawakukubali kwamba mwili waweza kujipiga vita.

Je, penye kingamwili pana ugonjwa daima? La. Kuanzia mwaka wa 1972, watu wazima zaidi ya 2,700 walipimwa huko Whickham, Uingereza, kisha wakafuatiwa kwa miaka 20. Katika wanawake 100 wenye kingamwili peke yake, 2 hivi walilegea tezi kila mwaka. Katika wale waliokuwa nazo pamoja na homoni ya TSH iliyozidi, walikuwa 4 hivi. TSH hutoka katika tezi iliyo chini ya ubongo, nayo ni kama nyapara: thairoidi ikizembea, hupaza sauti.

Basi mwanamke wa Matinyani aonyeshwapo kwamba ana kingamwili, asidhani amekwisha hukumiwa, wala asikimbilie vidonge. Na aulize, "TSH yangu ni ngapi?" Ikiwa sawa, apimwe tena baada ya muda, akiwa mja mzito, amwambie daktari mapema. Wala asiye na kingamwili asijione salama kabisa, kwani rovu huweza kuletwa na upungufu wa iodini, na ndiyo maana chumvi yetu hutiwa dawa hiyo.

Kukesha ni busara; kulia kabla ya msiba si busara.