Una homa, malaria hakuna? Huenda ni dengue

Malori mengi yanayofika Tunduma hutoka Dar es Salaam, jiji lililokumbwa na milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Ukitoka huko ukashikwa na homa ya ghafla, kichwa na viungo vikauma, macho yakauma kwa nyuma, na kipimo cha malaria kikasema huna, usiishie hapo.

Ulizia kipimo cha dengue. Siku 5 za mwanzo damu huonyesha kirusi. Baadaye hupimwa kingamwili.

Virusi viko aina 4. Ukipona moja, kinga ya kudumu ni ya hiyo tu. Ukipata nyingine, unaweza kuumwa vibaya zaidi.

Homa ikishuka huku tumbo likiuma sana au fizi zikitoka damu, wahi hospitali. Epuka aspirini na diklofenaki.