TV Ilifika Kenya 1962. Garissa Je?

Uliza kwenye group yoyote ya WhatsApp hapa mtaani nani aligundua TV. Utapata majibu matatu na vita moja. Mmoja atasema ni Mskoti, mwingine atasema ni Mmarekani, wa tatu atatuma link ya video yenye muziki wa kutisha akidai wote waliiba. Mimi nasema hivi: wote wako sawa kidogo, na swali lenyewe si kubwa kama tunavyofikiri. Kuna swali lingine linalotuhusu zaidi sisi wa Garissa, Wajir na Mandera, na nitalifikia. Lakini kwanza tuweke historia sawa.

Anza na Paul Nipkow. Mwaka 1884, akiwa mwanafunzi wa miaka 23 kule Berlin, aliandikisha wazo la kisahani chenye matundu yaliyopangwa kama konokono. Zungusha hicho kisahani mbele ya picha na kila tundu litapita kwenye mstari mmoja wa picha. Mwanga unaopita unageuzwa kuwa umeme, mahali penye mwanga mwingi umeme mwingi, mahali penye giza umeme kidogo. Upande wa pili unaweka taa inayowaka na kufifia kufuata ule umeme, na kisahani kingine kinachozunguka kwa mwendo uleule. Macho yako yanaunganisha mistari, unaona picha. Wazo safi kabisa, lakini Nipkow hakuwahi kuwa na vifaa vya kulifanya lifanye kazi.

Aliyekuja kulifanya ni John Logie Baird, Mskoti mgonjwa-mgonjwa ambaye hakuwa na pesa. Ukisoma alivyotengeneza mashine yake ya kwanza utacheka: sanduku la majani ya chai, boksi la kofia, taa za baiskeli, sindano za kushonea, gundi. Jua kali tupu, bana. Tarehe 2 Oktoba 1925, ndani ya chumba cha juu huko Soho, London, alifanikiwa kupata picha ya kichwa cha mwanasesere. Akakimbia chini kutafuta binadamu, akampata kijana wa ofisini anaitwa William Taynton. Taa zilikuwa kali na joto, kijana akaogopa, ikabidi Baird amlipe ndio akae mbele ya mashine. Huyo ndiye mtu wa kwanza uso wake kuonekana kwenye TV, na alilipwa. Content creators, mnasoma hapo? Tarehe 26 Januari 1926 Baird akawaonyesha wanasayansi rasmi.

Mwaka huohuo, tarehe 25 Desemba, Mjapani Kenjiro Takayanagi alionyesha herufi moja tu ya Kijapani kwenye kioo cha elektroni. Halafu mwaka 1927, tarehe 7 Septemba, kijana wa miaka 21 huko San Francisco, Philo Farnsworth, akarusha mstari mmoja bila kisahani chochote kinachozunguka. Kila kitu kilikuwa elektroni. Farnsworth alikuwa mtoto wa shamba, na wazo lilimjia akiwa na miaka 14 akilima shamba la viazi. Aliona mistari ya jembe, mmoja baada ya mwingine, akafikiri: picha nayo inaweza kusomwa hivyohivyo.

Sasa sikiliza kilichomfuata. Kampuni kubwa ya RCA ilikuwa na mtaalamu wake, Vladimir Zworykin, na ilikuwa na mawakili. Wakavutana. Katikati ya miaka ya 1930 ofisi ya hataza ya Marekani ikasema kijana ndiye wa kwanza. Mwaka 1939 RCA ikakubali kumlipa. Halafu vita vikaja, utengenezaji wa TV ukasimama, na baada ya vita hataza zake zikaisha muda wake pale tu biashara ilipoanza kuchemka. Baird naye hakuponea. BBC ilipoanza matangazo yake ya kawaida tarehe 2 Novemba 1936, ilijaribu mfumo wake na ule wa Marconi-EMI kwa zamu. Miezi michache baadaye, mapema 1937, wa Baird ukatupwa.

Kwa hiyo mpaka hapo tumejifunza kitu: kugundua chombo ni jambo moja, kukishika ni jambo lingine. Na hili ndilo linatuleta nyumbani.

TV ya Kenya ilianza mwaka 1962, chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya. Kituo cha kwanza kiliwekwa kwenye nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yalifika umbali wa kama maili 15, yaani kilomita 24 hivi. Wenye seti walikuwa wachache, wengi wao wazungu, wafanyabiashara Wahindi na maafisa wa Nairobi. Mwaka 1964 serikali ikalichukua shirika na kuliita Sauti ya Kenya, ile wazee bado wanaita VOK. Uganda ilianza yake 1963. Zanzibar ikaanza miaka ya mwanzo ya 1970, tena kwa rangi moja kwa moja, wakati Kenya bado tunatazama nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilikaa bila TV mpaka 1994, kwa sababu serikali ya Nyerere iliiona ni anasa.

Kwa vitabu, basi, "TV ilifika Kenya 1962". Sentensi hiyo iko kila mahali. Lakini kutoka Nairobi mpaka hapa Garissa ni zaidi ya kilomita 350. Maili 15 kutoka Limuru hata Thika ni bahati. Kwa hiyo mwaka 1962 TV haikufika Kenya, ilifika Limuru na majirani zake.

Na angalia mwaka wenyewe. Huo 1962 ndio mwaka tume ya wakoloni ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, ikiuliza watu wanataka kuwa nchi gani. Wasomali wengi walisema wanataka kuungana na Somalia. Jibu lao halikufuatwa. Desemba 1963, majuma machache tu baada ya uhuru, eneo hili likawekwa chini ya hali ya hatari, na vita vya Shifta vikaendelea mpaka 1967. Sheria za hali ya hatari zilikuja kufutwa 1991. Hebu hesabu: ni karibu miaka 28. Hicho ndicho kipindi ambacho TV ya Kenya ilikuwa inakua, inajifunza kuonyesha nchi kwa wenye nchi. Sisi tulikuwa nje ya fremu.

Sasa kuna kitu cha fizikia hapa ambacho mwalimu anaweza kukipita haraka, na walahi kinaeleza mambo mengi. Mawimbi ya TV husafiri kama mwanga wa tochi: yananyooka, yakikutana na kilima au mviringo wa dunia yanakwisha. Ndiyo maana TV inahitaji minara mingi, na mnara unahitaji pesa, barabara, umeme, na mtu serikalini anayeona unafaa kuwekewa mnara. Mawimbi mafupi ya redio ni tofauti. Yanapanda juu, yanagonga tabaka la anga lenye chaji, yanarudi chini mamia au maelfu ya kilomita mbele. Hayahitaji ruhusa ya mtu wa katikati.

Ndio maana wazee wetu walikuwa na redio ndogo begani hata wakichunga ngamia. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza 1957. Redio Mogadishu nayo ilikuwa inarusha maneno yake upande huu. Kwa hiyo sauti kutoka London ilifika Garissa kabla ya picha kutoka Limuru. Mtu wa hapa aliweza kusikia kilichotokea Cairo saa hiyohiyo, na asijue Nairobi wanasema nini juu yake. Halafu watu wanashangaa kwa nini ayeyo na awowe hawakujiona Wakenya sana. Wangejiona wapi?

Na hasara haikuwa kukosa kutazama mpira. Hasara ilikuwa kutoonekana.

Novemba 1980, hapa Garissa mjini, Bulla Kartasi iliteketezwa na vikosi vya usalama, na watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakakaa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema idadi inakaribia elfu moja. Angalia pengo hilo. Picha ikikosekana, namba inakuwa mali ya mwenye kipaza sauti. Muitaliano Annalena Tonelli, aliyekuwa anahudumia wagonjwa Wajir, alisaidia majeruhi na kukusanya ushahidi. Aliishia kuondolewa nchini.

Mwaka uleule wa 1984, miezi minane baadaye, kamera moja ilibadilisha dunia. Mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alifika Korem, Ethiopia, na mwandishi wa BBC Michael Buerk. Walirekodi njaa ambayo serikali ya huko haikutaka ionekane. BBC ikarusha picha zile tarehe 23 Oktoba 1984, na vituo mamia duniani vikazirudia. Julai 1985 kukawa na tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja, na pesa nyingi zikachangwa. Huyo ni kijana wa Nairobi, kamera begani, akafanya marais wa nchi tajiri waone aibu.

Simlaumu Amin hata kidogo. Alihangaika kupata ruhusa ya kuingia Ethiopia, na alifanya kazi yake. Ninachosema ni hiki: mwaka mmoja, misiba miwili, eneo moja la dunia. Mmoja kamera iliingia, mwingine haikuingia. Mmoja kila mtu anaujua. Mwingine hata mabro wa Nairobi tuliosoma nao wakiusikia wanauliza, "Wagalla ni nini?" Filamu ya Judy Kibinge kuhusu Wagalla ilitoka 2015. Ni miaka 31 baadaye.

Na 2015 ndio mwaka dunia ilikuja kutuona. Tarehe 2 Aprili, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Kamera za kila nchi zilikuwa hapa. Kwa mtu wa Berlin au São Paulo, siku hiyo ndiyo alisikia jina la mji wetu kwa mara ya kwanza, na kwa wengi ndiyo ikawa ya mwisho. Wale vijana wanastahili kukumbukwa kila mwaka, majina yao yote. Lakini mji wenye soko la mifugo ambalo watu wanalijia kutoka nchi jirani, wenye mto Tana, wenye bulla zilizochomwa na kujengwa tena, haufai kujulikana kwa siku moja tu.

Basi tufanye nini? Simu uliyonayo mkononi ni kamera, kituo na mnara kwa pamoja. Baird angelia akiiona. Kilichomtenganisha mtu wa Garissa na picha kwa miaka 30 ni umbali, bei na ruhusa, na vitu viwili vya kwanza vimekwisha. Sisi tunaitumia kwa nini? Prank za sokoni, ngamia kuwekewa miwani, harusi yenye drone mbili. Sina neno na harusi, watu wafurahi. Lakini mtu aliyekuwa na miaka 20 Bulla Kartasi ilipoungua, sasa ana zaidi ya 60. Aliyekuwa na miaka 40 wakati ule, wengi wao tumeshawazika.

Kaa na mmoja wao. Omba ruhusa kwanza, na akisema hapana, ni hapana. Mzee anayelia si content. Mwache aongee Kisomali chake, usimlazimishe Kiswahili. Mwanzo wa rekodi sema tarehe, mahali na jina kama amekubali. Usikate kate. Ukimaliza weka nakala tatu, na moja isiwe kwenye app ya kampuni yoyote, kwa sababu Farnsworth alishatuonyesha mwenye chombo kikubwa hufanya nini na kazi ya mtu mdogo. Si lazima upost. Rekodi inaweza kukaa miaka kumi mpaka familia iseme sawa.

Mwaka 1962 hakuna aliyetuuliza mnara uwekwe wapi. Leo hakuna mtu wa Limuru anayetuzuia. Wiki hii, kabla hujafikiria video yako inayofuata, mtafute mzee mmoja, mnunulie chai ya maziwa, umuulize 1980 alikuwa wapi.