Maji Yalipozidi: Ushauri Uliowaangusha Wakimbiaji

Mwaka 1981 mwanamke mmoja alikuwa akikimbia Comrades, mbio za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Alipokuwa ameshakata sehemu kubwa ya safari, akili ilianza kumpotea. Mumewe, aliyekuwa kando ya barabara, alimsogelea, naye hakumtambua. Waliomhudumia waliona mtu aliyechoka baada ya saa nyingi barabarani, wakaamua kama ilivyoamuliwa siku hizo kwa kila mkimbiaji aliyeanguka: amepungukiwa maji. Akatundikiwa dripu. Badala ya kupata nafuu alishikwa na degedege, akalazwa hospitali siku kadhaa akiwa hana fahamu.

Damu yake ilipopimwa, sodiamu ilikuwa imeshuka hadi milimoli 115 kwa lita. Mtu mwenye afya huwa kati ya 135 na 145. Alipopona alimwandikia barua Tim Noakes, daktari na mtafiti wa michezo wa Cape Town, akitaka kujua ni nini kilichompata. Noakes hakuwa na jibu. Zaidi ya hapo, yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiwahimiza wakimbiaji wanywe kwa wingi.

Himizo hilo halikuwa la zamani. Wakimbiaji wa marathoni wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikunywa kidogo sana njiani, na wengi waliona kunywa katikati ya mbio ni dalili ya udhaifu. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1960. Mwaka 1965, Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walitengeneza kinywaji cha sukari na chumvi kwa ajili ya timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani. Ndicho kilichokuja kuuzwa dunia nzima kwa jina la Gatorade. Mwaka 1969, Wyndham na Strydom, watafiti waliojulikana kwa kuchunguza athari za joto kwa wachimbaji wa migodi ya dhahabu Afrika Kusini, wakachapisha makala iliyotahadharisha juu ya hatari ya kunywa maji machache katika marathoni. Meza za maji zikazidi kuongezeka barabarani. Mkimbiaji akaambiwa anywe kabla ya kuhisi kiu, kwa kuwa kiu huchelewa na haiaminiki. Kufikia 1996, mwongozo wa Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani ulimtaka anywe kiasi cha kufidia jasho lote linalomtoka, au kadiri tumbo lake linavyoweza kuhimili, na ukataja mililita 600 hadi 1,200 kwa saa.

Miaka 11 kabla ya mwongozo huo, yaani 1985, Noakes na wenzake walikuwa wamekwisha kuchapisha habari za wakimbiaji wanne waliougua kwa kuzidiwa na maji. Hawakusikilizwa. Wengi walishikilia kwamba sodiamu hupungua kwa sababu ya chumvi inayotoka na jasho.

Jaribio lililotoa jibu lilikuwa la kawaida kabisa, na kwangu mimi ndilo tukio kubwa katika historia hii yote. Wakimbiaji wanane walioanguka katika Comrades ya 1988 huku sodiamu yao ikiwa chini walifuatiliwa hospitalini hadi wakapona. Watafiti walipima kila walichokunywa na kila tone la mkojo waliotoa. Kama tatizo lingekuwa upungufu wa maji, miili yao ingeyashika maji. Ilifanya kinyume: wote wanane walitoa mkojo mwingi kuliko walichoingiza, na ziada hiyo ilikuwa kati ya lita 1.2 na karibu lita 6. Walikuwa wamefika hospitalini wakiwa wamejaa maji. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Figo za mtu mzima zinaweza kutoa lita moja hivi ya maji kwa saa, lakini wakati wa mazoezi mazito ubongo huendelea kumwaga homoni inayoziamuru zibane mkojo. Mtu akiendelea kunywa, maji hubaki ndani na kuizimua damu. Yakishazidi hupenya kwenye seli, nazo zikavimba. Mguu ukivimba, ngozi itatanuka. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kwenda. Ndipo huja kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, degedege, na mwisho kifo.

Mwaka 2002 mkimbiaji mmoja wa marathoni ya Boston alikufa hivyo. Mwaka huohuo watafiti walikuwa pale pale wakikusanya damu za wakimbiaji 488 waliomaliza mbio, na majibu yalitoka mwaka 2005 katika jarida la tiba la New England: asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyopungua. Dalili iliyoonyesha wazi zaidi nani yumo hatarini ilikuwa kuongezeka uzito. Mtu amekimbia kilomita 42, kafika mwisho akiwa mzito kuliko alipoanza! Waliotumia zaidi ya saa nne nao walikuwa katika hatari zaidi, maana anayekwenda taratibu ana muda wa kusimama katika kila meza, tena jasho lake ni kidogo.

Mwongozo wa Marekani ulibadilishwa mwaka 2007, ukawaonya watu wasinywe kupita jasho linalowatoka. Wataalamu waliokutana California mwaka 2015 walisema wazi zaidi: kunywa unapohisi kiu. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba ilichukua miaka 30 na vifo vya watu waliokuwa na afya njema kuirudishia kiu heshima yake. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa, Kenya, waliochunguzwa miaka ya 2000, walikuwa wakinywa maji na chai ya maziwa kwa hamu yao tu, na miili yao haikupungukiwa maji. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alishinda marathoni ya Dubai mwaka 2009 akiwa amepoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake.

Nayasema haya kwa sababu mbio za barabarani zimeshamiri kwetu, na wengi wanaojiandikisha ndio hao wa saa nne, tano na zaidi. Nasikia bado wakihimizana kunywa hata bila kiu. Hata ile kanuni ya glasi nane za maji kwa siku, mtafiti Heinz Valtin aliichunguza mwaka 2002, wala hakuipatia ushahidi wa kisayansi kwa watu wenye afya. Mwenye kuhara, mwenye mawe kwenye figo au anayefanya kazi juani kutwa ana mahitaji yake, na amsikilize daktari wake.

Katika mahema ya huduma ya kwanza, hatari iliyompata yule mwanamke wa Comrades bado ipo. Mkimbiaji aliyechanganyikiwa apimwe sodiamu kwanza, kabla ya kuwekewa dripu ya kawaida. Ikiwa imeshuka na ubongo umeathirika, tiba inayopendekezwa ni mililita 100 za maji ya chumvi kali ya asilimia 3, ambazo zinaweza kurudiwa. Ni kiasi kisichofika nusu ya glasi, nacho huanza kuuvuta ule uvimbe utoke kwenye ubongo.