Ua na Nondo wa Bukini

Mabaharia wa pwani walikiita kisiwa cha Madagaska Bukini. Katika misitu yake ya mashariki, juu ya mashina ya miti, huota okidi nyeupe mfano wa nyota, yenye mrija wa asali unaokaribia sentimita 30. Mwaka 1862 Charles Darwin wa Uingereza, alipoletewa ua hilo, alisema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kulifikia tone lililo chini. Wako waliomcheka. Darwin alifariki mwaka 1882. Nondo wa Bukini akaja kuelezwa na wataalamu mwaka 1903.

Ila Darwin alitanguliza na onyo: nondo huyo akitoweka, na ua litatoweka. Wawili hao ni chanda na pete, na wote huishi kwa msitu. Baina ya mwaka 1953 na 2014 Bukini ilipoteza takriban asilimia 44 ya misitu yake ya asili, sehemu kubwa kwa shoka na moto wa kufungulia mashamba. Mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara ya okidi. Humzuia mchuuzi, haumzuii mwenye moto. Okidi ya chunguni huchavushwa kwa mkono wa mtu. Ile ya Bukini humngoja nondo wake usiku. Atakaye kuihifadhi, na auhifadhi kwanza mti.