Kinyesi kuwa dawa? Kumbe ni mambo ya zamani

Huku Columbus tuko salama, ila binamu yetu wa Buffalo bado anasumbuliwa na vidonda vya utumbo mpana, choo cha damu kila siku. Juzi shemeji akapiga simu kutoka Louisville: "Nasikia kinyesi cha mtu mwenye afya kinatibu. Mwekeeni hapo hapo nyumbani!" Tulicheka sana, halafu nikakaa kusoma.

Kumbe Wachina walikuwa na dawa ya namna hiyo tangu karne ya 4. Hapa Marekani, mwaka 1958, Dkt. Ben Eiseman wa Denver aliwatibu hivyo wagonjwa 4 mahututi, ambao utumbo wao uliharibika baada ya antibiotiki. Wote walipona. Mwaka 1989 daktari mwingine, Bennet, aliyekuwa na ugonjwa kama wa binamu, alieleza alivyojitibu mwenyewe akapata nafuu. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walipima wagonjwa 75: waliopewa kinyesi walitulia asilimia 24, waliopewa maji matupu asilimia 5.

Basi si uzushi, lakini si muujiza. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mgonjwa mmoja Marekani alifariki kwa bakteria sugu waliotoka kwa mtoaji. Na dawa za aina hii zilizoidhinishwa hapa mwaka 2022 na 2023 ni za kuzuia maambukizi ya C. difficile yasirudi, si za ugonjwa wa binamu.

Binamu nimemwambia amuulize daktari wake kama kuna utafiti wa kujiunga. Shemeji nimemwomba aache ndoo yake. Salamu kwa wote!