Jina la Ngoma ni Ushahidi

Mwaka mmoja, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani hapa Juru, niliombwa niwe mshereheshaji. Nilipewa karatasi yenye orodha ya vikundi vya ngoma. Haikuwa na majina ya ngoma, ila majina ya nchi tu: Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia. Nikasoma kama ilivyoandikwa: "Sasa tuwakaribishe ndugu zetu na ngoma ya Burundi!" Makofi yakapigwa, wapigaji wakaingia uwanjani wakiwa wamebeba ngoma vichwani.

Baadaye mzee mmoja Mrundi aliniita kando. "Mwanangu," akasema, "ngoma ya Burundi tuliikimbia. Hapa tumekuja na ngoma zetu." Nilicheka kwa kudhani ananitania. Ilinichukua muda kufahamu kwamba alikuwa amenipa somo la historia.

Katika insha hii nina hoja moja. Jina la ngoma ni ushahidi wa kihistoria kama ulivyo waraka wa kale, na mtu anayechagua ngoma na kuzitangaza ndiye anayeamua ni ushahidi upi uwafikie watazamaji. Nitaanza na maneno ya yule mzee.

Katika Kirundi, neno "ingoma" lina maana mbili: ngoma ya kupigwa na utawala. Maana hizo hazikukutana kwa bahati. Zamani ngoma zilikuwa alama ya ufalme. Zilitunzwa na koo maalumu na kupigwa katika shughuli za mfalme, kama vile umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, lakini ngoma zilibaki, na mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais iliwakataza wanawake kuzipiga na kuvitaka vikundi viwe na idhini ya serikali. Kwa hiyo suala la nani ana haki juu ya ngoma halijakwisha. Mbele ya watu ambao wengi wao walikimbia machafuko ya mwaka 2015, mimi nilisimama na kipaza sauti nikatangaza "ngoma ya Burundi". Kwa Kiswahili nilikuwa nimetaja burudani. Kwa sikio la Kirundi nilikuwa nimetaja utawala.

Orodha ile ilikuwa na kasoro ya pili: ilizipa ngoma mipaka ambayo ni michanga kuliko ngoma zenyewe. Mpaka kati ya Uganda na Rwanda ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 na Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji. Kabla ya hapo wafugaji wa pande hizi walikuwa wakihama na mifugo yao, na michezo yao inalionyesha hilo. Katika ekitaguriro ya Wanyankole, wachezaji huinua mikono juu kama pembe za ng'ombe. Katika umushagiriro wa Rwanda, wanawake huitandaza mikono kwa utulivu, nao pia wakimsifu ng'ombe. Orodha ya nchi huiweka michezo hii miwili mbali, mmoja ukiwa wa "wenyeji" na mwingine wa "wakimbizi". Mshereheshaji akisema, "Sasa michezo miwili ya watu wa ng'ombe," ameeleza jambo la kweli ambalo lilikuwapo kabla Nakivale haijapokea Wanyarwanda wa kwanza waliokimbia baada ya mwaka 1959.

Hata jina moja likiachwa, habari nyingi hupotea. Intore, kwa Kinyarwanda, ni "wateule": vijana waliochaguliwa kulelewa katika maadili, vita na michezo, wengine katika baraza la mfalme. Mtazamaji anayeambiwa "ngoma ya Rwanda" ataona vijana wakiruka. Akiambiwa "wateule", ataanza kujiuliza nani aliwateua, na kwa kazi gani. Hapo ameshaanza kusoma historia.

Wenzangu wengine husema kwamba katika makazi yenye watu wa mataifa mengi, kutaja majina ya ngoma na asili zake ni kuchochea ukabila. Heri nchi tu. Hofu hiyo ina sababu, kwa maana wengi wetu tuko hapa kwa ajili ya ukabila. Lakini historia ya beni inatoa jibu. Ngoma hii, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Terence Ranger aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1975. Vyama vya beni havikujiita kwa makabila. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, na Scotchi walivaa sketi kama askari wa Uskoti. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Marini na Arinoti walienea pamoja na askari na wapagazi. Marini waliwavutia zaidi makarani na wenye elimu. Arinoti walikuwa na watu wa kawaida. Majina hayo yanatuonyesha matabaka, vita na mashindano ya mijini. Laiti mtu angeandika "ngoma ya Tanganyika" tu, yote hayo yangefutika.

Hata pale ambapo kabila lilitajwa, haikuwa lazima kuleta ugomvi. J. Clyde Mitchell, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1956, alieleza kalela, ngoma ya wafanyakazi Wabisa katika mji wa migodi wa Luanshya, Zambia ya leo. Wachezaji walivaa nguo nadhifu za mjini, wakalisifu kwao na kuyatania makabila mengine. Walikuwa wageni miongoni mwa wageni, kama tulivyo sisi, na walijitambulisha wenyewe kwa ngoma yao. Hapo ndipo ninapoona tofauti. Jina linalogawanya watu mara nyingi ni lile wanalobandikwa. Wabisa walikuwa wamejitangaza kwa maneno yao, wala hawakungoja karatasi ya mtu mwingine.

Ni kweli kwamba muda wa sherehe huwa mfupi, na wageni kutoka Mbarara na Kampala husubiri hotuba. Lakini jina la ngoma na maana yake havihitaji zaidi ya sentensi mbili. Siku hizi nikiombwa kutangaza, huwafuata wachezaji kabla ya sherehe na kuwauliza mambo matatu: ngoma hii mnaiitaje, ilichezwa wakati gani, na mngependa nisemeje. Swali la tatu ndilo gumu, kwa sababu wengi hawajawahi kuulizwa.

Nilimuuliza pia yule mzee. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Sema ni ngoma za watu waliozibeba." Nilipotangaza hivyo, wapigaji waliingia kama kawaida, ngoma zikiwa vichwani. Safari hii nilijua ninachokitazama.