Pozi au mkao?

Pozi tumelitoa kwenye Kiingereza, na mtaani limeshanuka maringo: “Acha mapozi!” Kwa mchoraji wa riwaya ya picha ya kuchezwa kwenye simu, mimi nachagua mkao. Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, alichorwa upya kila mara; mchezo wa aina hii hurudia picha zilezile. Tuseme kijana wa Bariadi anamchora mkulima wa pamba mbele ya mzani. Mikao mitatu yatosha: mikono kiunoni, kidole kikionesha mzani, kichwa kimeinama. Kila mkao uvishwe sura tano, hasira hadi kicheko, mwili usiguswe. Ana picha 15. Karani wa mzani apewe mkao mmoja, kwani anapita tu. Ongeza mkao pale uso unaposhindwa kusema.